Ziara za viwandani kwa wanafunzi wa biashara: zipangwe vipi ili zizae kitu?

Mratibu_BBA

Wakuu, habari za jioni. Naratibu ziara ya mafunzo kwa mwaka wa pili, shahada ya usimamizi wa biashara, hapa Dar. Wanafunzi ni 62, somo ni usimamizi wa uzalishaji, na tunalenga viwanda vya Barabara ya Nyerere, Chang'ombe au Mikocheni.

Ugonjwa wa ziara hizi mnaujua. Basi linafika, afisa anasoma historia ya kampuni kwenye projekta, watu wanazungushwa nusu saa wakiwa wameshika masikio, wanapewa soda, wanapiga picha getini. Ripoti zinakuja zote sura moja, maana zimenakiliwa kwenye tovuti ya kampuni. Mtu wa biashara si mhandisi, hahitaji kujua mota ina nguvu kiasi gani, lakini akitoka pale bila kujua pesa inapotea wapi, heri angebaki darasani.

Naomba mwongozo wa vitendo: barua iandikweje ili ikubaliwe, wakifika waangalie nini hasa, na upande wa gharama waguse vipi bila kuingia kwenye siri za watu.

---

GetiNamba2

Mwalimu, nianze na barua, maana maombi mengi yanafia hapo. Barua inayosema mnakuja "kujifunza mambo mbalimbali kuhusu kampuni yenu" inakaa kwenye trei mpaka wiki ya ziara inapita, kwa sababu aliyeipokea hajui ampelekee nani. Iandike kwa Meneja Rasilimali Watu, nakala kwa Meneja Uzalishaji, saini ya mkuu wa idara na muhuri, ifike wiki nne kabla. Taja kozi na mwaka, idadi, mada mbili au tatu tu (mfano upangaji wa zamu, udhibiti wa ubora, utunzaji wa stoo), tarehe tatu za kuchagua, jina na namba ya mwalimu atakayekuwepo, na sentensi moja kuhusu nani anabeba bima ya wanafunzi. Orodha ya majina iambatane. Mlinzi hataongeza jina kwa peni hata mkimlilia. Na usiandike kwamba mnaomba "taarifa za fedha". Maneno hayo yakionekana, barua inahamia kwa mwanasheria, na huko foleni yake ni ndefu kuliko ya magari ya jioni.

Watu 62 hawaingii kwa mpigo. Kiongozi mmoja anamudu 10 hadi 12. Sababu kubwa ni kelele: kwenye ukumbi wa desibeli 85 na kuendelea, aliye wa tano nyuma ya kiongozi anaona mdomo ukicheza tu. Omba siku mbili, 31 kila siku, makundi matatu. Moja linaingia kwenye mashine, la pili liko stoo na eneo la kupakia, la tatu liko chumba cha mikutano na mtu wa mipango au wa ubora. Dakika 45, wanabadilishana. Maelezo yote yatolewe kabla ya kuingia na maswali yaulizwe baada ya kutoka.

Siku nzuri ni Jumanne hadi Alhamisi. Wiki ya mwisho wa mwezi achana nayo, stoo inahesabiwa na watu wa mauzo wanasukumana na malori. Kiwanda cha unga, sukari au vinywaji usikiombe wiki za kuelekea Ramadhani wala Desemba. Kwenye zamu tatu watu hupokezana mara nyingi saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, kwa hiyo fikeni saa 3 asubuhi, saa 6 na nusu muwe mmetoka. Piga simu siku moja kabla uulize kama mashine zitakuwa kwenye matengenezo. Watu husahau hili, wanakuja kuangalia vyuma vilivyolala.

Mavazi: viatu vya kufunika vidole, sandozi hazipiti. Hijabu ichomekwe ndani ya koti. Baibui na sketi pana ni hatari karibu na mikanda na shafti zinazozunguka, waambiwe wiki nzima kabla wavae suruali isiyopwaya na gauni fupi lisilopepea juu yake, ili mtu asirudishwe mlangoni kwa aibu. Kiwanda cha chakula kina la ziada: saa, pete, hereni na kucha za bandia vinabaki kwenye gari, na mwenye kuhara, kutapika au kidonda kibichi mkononi haingii. Hilo halina mjadala.

---

Zamu_ya_Pili

Geti kamaliza ya getini. Mimi niseme ya ndani.

Kosa la kwanza ni kuwaambia wanafunzi "angalieni kila kitu". Kila kundi dogo la watu watano lipewe swali moja na karatasi moja, na wasiulizane na kundi jingine mpaka warudi chuoni.

Kosa la pili ni kuanzia malighafi kwenda mbele, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyochora. Omba mwanzie eneo la kupakia bidhaa kamili mrudi nyuma hadi malighafi. Ukianza na mteja wa mwisho, kila hatua unayoifikia unaiuliza: hiki unamtengenezea nani, na anakihitaji lini? Ukianza na malighafi unaishia kusikiliza sifa za mashine. Kwenye viwanda vya chakula njia hii inakubalika kirahisi, maana utaratibu wao wa usafi unataka mgeni atoke eneo safi kwenda eneo chafu, asirudi kinyume.

Chukua laini ya kujaza vinywaji, ambayo Dar ipo kila kona. Chupa inapulizwa kutokana na preformu, ile mirija midogo minene yenye nyuzi za kifuniko tayari. Hapo pana swali la kibiashara: kwa nini wapulize wenyewe badala ya kununua chupa tupu? Kwa sababu lori la chupa tupu linabeba hewa, na safari ya hewa nayo inalipiwa mafuta. Baada ya hapo inajazwa, inafungwa kifuniko, inabandikwa lebo, inapigwa tarehe, inafungwa kwenye nailoni, inapangwa kwenye paleti, ile fremu ya mbao ya kubebea mzigo.

Sasa sikiliza. Kwenye laini iliyopangwa vizuri, mashine ya kujaza ndiyo imewekwa makusudi iwe ya polepole kuliko zote. Zilizo nyuma yake na zilizo mbele yake zina kasi kubwa zaidi, na mikanda katikati inabeba chupa za akiba, ili mashine nyingine ikisimama kidogo, ya kujaza isisimame. Kwa hiyo mwanafunzi haangalii mashine, anaangalia mkanda. Chupa zikirundikana kabla ya mashine ya lebo na ile ya kujaza ikasimama kungoja, hatua inayobana imehamia kwenye lebo. Mkanda ukiwa mtupu kabla ya mashine ya kujaza, tatizo liko nyuma, pengine kwenye kupuliza. Hilo linaonekana kwa macho ndani ya dakika tano, halihitaji kumuuliza mtu.

Kisha wapige hesabu ya ufanisi wa mashine, ile OEE, yaani sehemu ya muda iliyofanya kazi, mara kasi, mara ubora. Kundi moja lisimame dakika 20 mahali pamoja, liandike saa ya kusimama, saa ya kuwaka, na sababu. Linganisheni na daftari la zamu. Pengine daftari litaonyesha kusimama mara mbili wakati wanafunzi wamehesabu mara tisa. Si kwamba mtu kadanganya. Kusimama kwa chini ya dakika tano viwanda vingi havikuandiki, kunamezwa kwenye upungufu wa kasi.

Mfano, namba za darasani. Zamu ya dakika 480, toa mapumziko 30, zinabaki 450. Imesimama dakika 63, kwa hiyo imefanya kazi 387, sawa na 0.86. Kasi yake halali ni chupa 200 kwa dakika, kwa dakika 387 ingetoa 77,400, lakini imetoa 65,790, yaani 0.85. Katika hizo 1,316 zimekataliwa, zilizo nzuri ni 0.98. Zidisha zote tatu: karibu 0.72. Kila namba peke yake inapendeza, ukizizidisha unagundua zaidi ya robo ya uwezo imeyeyuka. Kisha uliza swali la mtu wa biashara: katika hasara tatu hizo, ipi inarekebishwa bila kununua mashine?

Msisahau pipa la zilizokataliwa. Ombeni ruhusa, chukueni 50, mzipange kwa aina: kifuniko kimekaa upande, ujazo pungufu, lebo imejikunja, tarehe haisomeki. Aina moja au mbili zitabeba sehemu kubwa ya rundo. Hapo ndipo wanafunzi wanaacha kusinzia.

---

LejaNyekundu

Mimi ni wa gharama, na nampinga kidogo Geti. Taarifa za fedha msiziombe kiwandani, sawa, lakini msiende bila hizo. Kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam hutangaza hesabu zao kila mwaka: TBL (kampuni ya bia), Kampuni ya Sigara na Twiga Cement zimo. Mwanafunzi achukue bidhaa zilizo stoo mwisho wa mwaka, agawanye kwa gharama za mauzo (yaani gharama ya bidhaa zilizouzwa), azidishe kwa 365, apate siku ambazo mzigo unalala. Akifika stoo anaangalia kama anachokiona kinafanana na namba hiyo. Hata kama hamtaenda kwenye kampuni hizo, mnapata kipimo cha kulinganishia.

Mengine yanakokotoka bila kuuliza siri ya mtu yeyote. Chukua bati. Koili, yaani chuma chembamba kilichoviringishwa, inanunuliwa kwa tani, bati linauzwa kwa urefu. Pesa yote iko kwenye mwanya huo. Koili ya upana wa milimita 914 na unene wa 0.30, ukitumia uzito wa chuma wa kilo 7,850 kwa mita ya ujazo, mita moja ina kilo 2.15, kwa hiyo tani inatoa kama mita 465. Unene ukiwa 0.28, tani ileile inatoa karibu mita 498. Mita 33 za ziada, asilimia 7, kutokana na tofauti ambayo jicho haliioni. (Nimeacha pembeni uzito wa zinki inayopakwa juu ya chuma.) Sasa mwanafunzi anaelewa kwa nini kuna mtu na maikromita (kipima unene) pale koili inapoingia, na kwa nini viwango vya TBS, shirika la viwango, vinajali unene wakati mnunuzi wa Tandika anajali bei ya pisi.

Au unga. Weka bei za kudhani: ngano Sh 900,000 kwa tani, pumba zinauzwa Sh 350,000. Tani 100 za ngano zikitoa unga 78 na pumba 22, gharama ya ngano ni milioni 90, toa milioni 7.7 za pumba, gawanya kwa 78: Sh 1,055,128 kwa tani ya unga. Kinu kikilegea, unga ukawa 76 na pumba 24, inakuwa Sh 1,073,684. Tofauti ni zaidi ya Sh 18,500 kwa tani. Kinu cha tani 300 za unga kwa siku kinapoteza zaidi ya milioni 5.5 kila siku, na hakuna mashine iliyoharibika wala mtu aliyeiba.

Mtego mmoja hapo. Kabla ya kusagwa, ngano huongezwa maji na kulazwa saa kadhaa ili ganda liwe gumu kuvunjika, kiini kilainike, na vitengane vizuri. Ngano ya unyevu wa asilimia 11 ikifikishwa 16, tani 100 zinakuwa karibu 106. Mwanafunzi asiyeuliza mzani uko kabla au baada ya maji atarudi na hesabu inayoonyesha kiwanda kinazalisha kuliko kinachoingiza.

Umeme nao. Mteja wa TANESCO wa T2 au T3 (madaraja ya bei ya watumiaji wakubwa) halipii uniti tu, analipia pia kilele cha mahitaji kwa mwezi, yaani kiwango cha juu kabisa cha umeme alichovuta, kinachopimwa kwa kVA. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutowasha mota kubwa zote kwa wakati mmoja. Swali la kumuuliza fundi umeme: asubuhi mnawasha kwa mpangilio gani, na nani kaupanga? Mara nyingi fundi anajua sababu na mhasibu hajui, au kinyume chake.

Kwenye vinywaji na sigara ulizeni kuhusu stempu za kodi za kielektroniki: kihesabio cha stempu hizo kiko kabla au baada ya mahali chupa au pakiti mbovu zinapotolewa, na zilizotolewa zinaandikwaje? Swali dogo, ila linagusa uzalishaji, stoo na kodi kwa wakati mmoja.

---

Keko_Juu

Wakuu mnataja viwanda vikubwa tu. Mwanafunzi wa biashara wa mjini hapa anajifunza zaidi Keko kwa watu wa fanicha, Gerezani kwa mafundi vyuma, au kwa wajasiriamali wanaolelewa na SIDO, shirika la viwanda vidogo. Pale mwenye mali ndiye mpangaji, mnunuzi, msimamizi na mtu wa mauzo, na anakujibu mwenyewe bila kwenda kuomba ruhusa juu.

Wapeni kazi moja: gharama ya kitanda cha futi 5 kwa 6. Mbao zimeingia vipande vingapi, vya ukubwa gani, vimebaki vipande gani visivyouzika, gundi, msasa, vanishi, siku za fundi, pango la banda, umeme. Kisha wamuulize anauza bei gani na amepangaje bei hiyo. Mara nyingi wanakuta pango na jasho la mwenyewe havimo kwenye hesabu, na vile vipande vya mbao vilivyorundikwa nyuma ya banda ni mtaji uliolala. Watu wanne kwa banda, si zaidi, na waende asubuhi kabla wateja hawajaanza kumiminika. Na mlipeni muda wake, hata kwa kununua stuli mbili.

---

Mratibu_BBA

Nawashukuru sana. Keko_Juu, wazo lako nalichukua: kundi la siku ya pili lipite Keko mchana.

Maswali mawili yamebaki. Moja, kiwanda kikikataa wanafunzi kusimama na saa na kuhesabu, tufanyeje? Wasimamizi wa zamu wanaona kama wanakaguliwa. Pili, ripoti iombwe kwa mtindo gani ili kunakili kusiwezekane?

---

Zamu_ya_Pili

Mwalimu, la kwanza: anayekaguliwa kweli ni mfanyakazi wa kwenye mashine, na hofu yake ina msingi. Mkisimama nyuma yake na saa mkononi, kasi yake inabadilika na namba mnazopata si za siku ya kawaida. Kwa hiyo hesabuni chupa kwenye mkanda, msihesabu mikono ya mtu. Muandike jina la mashine, msiandike jina la mtu. Na kwenye kikao cha mwanzo msimamizi wa zamu aonyeshwe ile karatasi tupu, aone ina safu nne tu: saa, mashine, imesimama dakika ngapi, sababu. Wengi wakiiona wanalegea. Akikataa bado, kaeni kwenye eneo la kupakia. Pale malori yanahesabika kutoka nje: lori limeingia saa ngapi, limeanza kupakiwa saa ngapi, limetoka saa ngapi. Lori likikaa saa nne na kupakiwa kwa dakika 50, mnayo ripoti nzima, na hamjamgusa mtu.

Kama hata simu haziruhusiwi ndani, ni kawaida, hasa penye rangi, spiriti au gesi. Nendeni na saa za mkononi na karatasi, na kama ni kiwanda cha chakula ambako saa nazo ni marufuku, tumieni ile ya ukutani.

---

LejaNyekundu

La ripoti nalijibu mimi. Futa kabisa sura ya historia ya kampuni, dira na dhamira. Kurasa nne tu: mchoro wa njia ya mzigo kutoka lori linaloingia hadi lori linalotoka, uliochorwa kwa mkono, ukionyesha rundo liko wapi na kubwa kiasi gani. Jedwali la namba walizokusanya wenyewe, pamoja na karatasi halisi yenye mikunjo. Hesabu moja kamili ya upotevu, kwa shilingi, dhana zote zikiwa zimeandikwa wazi. Pendekezo moja, likiwa na gharama yake na nani atakayelipinga pale kiwandani na kwa nini. Kipengele hicho cha mwisho mpe alama nyingi kuliko vyote, maana hakipo mtandaoni.

Kwenye usahihishaji, ukikuta makundi mawili ya siku moja yana idadi zilezile za kusimama mpaka dakika ya mwisho, waite wote.

---

GetiNamba2

Nyongeza kwa Dada Leja: ndani ya wiki mbili pelekeni kiwandani ukurasa mmoja wa mlichokiona, umepitiwa na mwalimu. Lugha iwe ya adabu. "Mashine ya lebo ilisimama mara tisa ndani ya dakika 20, mara sita kwa sababu ya gundi" inapokelewa na kujadiliwa kwenye kikao cha asubuhi. "Wafanyakazi hawajitumi" inafunga geti kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza watakaofuata. Nakala moja kwa Rasilimali Watu, nyingine kwa yule msimamizi wa zamu aliyewapokea, kwa jina lake.